Mkeka Unaosukwa Kichwani

Mgeni akipita Janga, huku bonde la Ruvu, akamwona mama ameketi barazani na utepe mwembamba wa majani ya rangi mkononi, hudhani anapitisha muda. Mikono inakwenda, macho yako njiani, salamu zinaitikiwa, mtoto anakaripiwa. Utepe ule ni ukili. Ndani yake umo mkeka mzima, ila bado hakuna anayeuona isipokuwa msukaji mwenyewe.

Kazi huanzia kwenye mkindu, mti wa jamii ya mtende upendao mabonde yenye unyevu. Huchukuliwa makuti machanga, yale ambayo hayajafunguka vizuri, yakaanikwa na kuchanwa kuwa chane nyembamba. Kisha sufuria huinjikwa. Zamani rangi nyeusi ilitoka kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi ni unga wa dukani, nyekundu, zambarau, kijani, na mimi sioni ubaya wake. Kinachotaka ujuzi kiko palepale: chane nyekundu za mkeka mmoja zichemshwe pamoja, kwa maana sufuria ya pili haitoi wekundu uleule hata ukipima unga kwa kijiko kilekile. Kwa hiyo fundi hukadiria kabla hajasuka hata shibiri moja ni chane kiasi gani za kila rangi zitakazomfikisha mwisho.

Makadirio hayo hunistaajabisha kuliko rangi zenyewe. Ukili una upana wa vidole vichache, lakini urefu wake ni pima kwa pima. Pambo linalosukwa leo halitakutana na jirani yake mpaka siku ya kushona. Chane moja ikipishanishwa vibaya, kosa hujificha ndani ya bunda la ukili, lije lijitokeze katikati ya mkeka, mbele ya wageni. Na mama huyu hana karatasi wala kielelezo. Anahesabu huku anaongea, na maongezi yenyewe si haba.

Siku ya kushona, ukili huzungushwa ukingo kwa ukingo, kwa shazia na uzi wa majani, mpaka unasimama kama pipa lisilo kitako. Kisha pipa hukatwa, likalazwa chini, kingo zikapindwa na kushonwa, ndipo likaitwa mkeka. Kutia kisu kwenye kazi ya muda wote ule kunataka moyo.

Mkeka wa plastiki ni rahisi, huoshwa ukakauka papo hapo, nao sasa umetandikwa hata kwenye baraza za wasukaji. Siulaumu. Ila lala juu yake usiku wa joto la Februari, mgongo umelowa jasho, ndipo ujue kwa nini wazee bado wanaulizia wa ukindu.

Basi ukiukuta wa ukindu unauzwa kando ya Barabara ya Morogoro, usianze na habari ya kupunguziwa. Utandaze, ufuate mstari wa pambo kwa kidole kutoka ukingo mpaka ukingo. Ukiona umekwenda bila kuruka, lipa bei uliyotajiwa.