Kuhesabu Ndege Pande Mbili za Mpaka wa Serengeti

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao makuu yake yakiwa Bariadi, umepakana na nyika ya Serengeti upande wa mashariki. Huko kuna Hifadhi ya Taifa na Pori la Akiba la Maswa, ambako hakulimwi. Ukivuka mpaka kuelekea magharibi, jembe limeshapita: mashamba ya pamba, mahindi na mtama, pamoja na malisho ya ng'ombe, yanaendelea hadi Busega kwenye Ghuba ya Speke. Mvua na udongo havibadiliki ghafla pale mpakani. Matumizi ya ardhi ndiyo yanayobadilika. Kwa anayependa kutazama ndege, hapo pana kipimo ambacho nchi nyingi zimekwisha kukipoteza, kwa kuwa hazikubakiza eneo kubwa la kulinganishia.

Kipimo cha namna hiyo ndicho msingi wa utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Anthony Sinclair, Simon Mduma na Peter Arcese, uliolinganisha ndege wa nyika ya Serengeti na wale wa mashamba yaliyo nje yake. Sinclair alifika Serengeti mwaka 1965 akiwa mwanafunzi, na kazi yake ya mwanzo huko ilihusu ndege, kabla hajajulikana kwa tafiti za nyati na nyumbu. Mduma, Mtanzania, baadaye aliongoza Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Swali la kama kilimo hupunguza ndege lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana. Ndege wakipungua, huenda kilimo ndicho chanzo, lakini huenda pia ni ukame au badiliko jingine la asili. Badiliko la asili hugusa hifadhi na shamba kwa pamoja. Kilimo hugusa shamba peke yake. Kwa hiyo hifadhi ikawa kigezo, na tofauti kati yake na mashamba ikahesabiwa kuwa alama ya mkono wa binadamu.

Matokeo yalitolewa kwa vipimo viwili, na hapa ndipo penye funzo kubwa kwa watazamaji wa kawaida. Kipimo cha kwanza ni uwepo: karibu nusu ya aina za ndege walao wadudu, na vivyo hivyo walao mbegu, hazikuonekana kabisa mashambani. Kipimo cha pili ni wingi: zile aina zilizoonekana mashambani zilikuwa na asilimia 28 tu ya idadi yao nyikani. Penye ndege 100 nyikani, shambani walikuwa 28. Mtu aendaye na daftari la majina peke yake angekiona kipimo cha kwanza, cha pili kingempita. Angeandika kwezi huku, kwezi kule, akaridhika kwamba kwezi yupo, wakati kundi zima limebaki kama robo. Orodha ya majina, ambayo ndiyo fahari ya watazamaji wengi duniani, huficha upungufu mpaka ndege wa mwisho atoweke.

Watafiti hawakuishia kwa ndege. Walipima pia wadudu wa kwenye nyasi, wakakuta mashambani wamepungua sana. Hilo liliendana na takwimu za ndege, kwa sababu walioathirika zaidi ni walao wadudu wanaotafuta chakula kwenye nyasi na mitini. Bila hesabu ya wadudu, utafiti ungeonyesha kwamba ndege wamepungua. Pamoja nayo, unaonyesha kwamba huenda ni njaa iliyowapunguza.

Nje ya Afrika, hesabu za wapenzi wa ndege zimepata thamani kwa kufuata kanuni zilezile kila mwaka. Hesabu ya Krismasi ya Marekani ilianza mwaka 1900. Uingereza, hesabu ya ndege wa bustanini iliyoanza mwaka 1979 humtaka mtu akae saa moja na kuandika, kwa kila aina, idadi kubwa kabisa aliyoiona kwa mara moja. Shomoro wanne wakija, wakaondoka, kisha wakaja watatu, huandikwa wanne, kwa kuwa hakuna ajuaye kama wale watatu ni wapya. Nchini Tanzania, Atlasi ya Ndege iliyojengwa na Neil na Liz Baker tangu miaka ya 1980 imekusanya rekodi za watazamaji wengi kwa mahali na kwa mwezi. Inaonyesha vizuri ndege yupo wapi na lini; wingi wake huhitaji hesabu ya aina nyingine.

Ugumu wa kuhesabu wingi unaonekana kwa kasuku mdogo wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu, ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti ikiwamo. Mwaka 1987 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Makadirio yaliyofuata, ya mwaka 1995, yaliweka idadi yake kati ya 290,205 na 1,002,210. Pengo hilo si uzembe. Ndege anayekwenda kwa makundi huweza kukosekana asubuhi nzima, kisha kundi moja likabadilisha hesabu yote.

Kwa hesabu ya kulinganisha mashamba ya Simiyu na Pori la Akiba la Maswa, vifaa ni vichache: darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, saa, na daftari. Vituo vya kuhesabia huchaguliwa kabla ya kutoka, kwa sababu mtu akichagua akiwa njiani atasimama palipo na ndege. Muda wa kila kituo uwe sawa, asubuhi ileile pande zote mbili, na kituo kisicho na ndege kiandikwe sifuri. Wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, kama korongo mweupe, wapo takriban kuanzia Novemba hadi Machi, kwa hiyo hesabu ya Januari hulinganishwa na ya Januari nyingine, na wageni hao huwekwa safu yao mbali na ndege wakaao mwaka mzima.