Kipaimara: Kijana Anapokaribia Utu Uzima

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kipaimara ndicho kinachomvusha mtoto kuelekea utu uzima. Mafunzo huchukua takriban miaka miwili. Mwinjilisti au mchungaji hufundisha Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Chakula cha Bwana. Siku ikifika, kijana hupiga magoti madhabahuni, huwekewa mikono na kuombewa. Nyumbani Uchagani, familia yenye uwezo huandaa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa. Jamaa hutoa zawadi na wazee humwusia kijana. Utaratibu huu unastahili pongezi, kwani humpa mtoto mafundisho, ahadi na mashahidi kabla hajakabidhiwa majukumu.