Kadi za Hariri na Upande wa Nyuma

Katika vita vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918, askari Waingereza waliopigana Ufaransa na Ubelgiji walipeleka kwao kadi za posta zisizo za kawaida. Uso wa kadi ulikuwa kipande cha hariri nyepesi kilichotariziwa maua, bendera za mataifa yaliyoungana, beji za vikosi, na salamu fupi kwa mama au mchumba. Kadi hizo zilijulikana tangu mwaka 1900 hivi, lakini vita ndivyo vilivyozieneza, zikatengenezwa kwa mamilioni. Leo zimo katika Imperial War Museum ya London na katika majalada ya wakusanyaji wengi. Yafaa tuulize, msomaji, kama zinatazamwa sawasawa.

Uzuri wake hauna shaka. Ila yake kubwa ni kwamba hazionyeshi mahali zilipotoka. Mahandakini mlikuwa na matope, panya na maiti. Katika hariri mna maua. Hata hivyo, tusimlaumu upesi aliyezipeleka. Barua za askari zilisomwa na maofisa kabla ya kuondoka. Tena serikali ilitoa kadi yenye sentensi zilizokwisha kuchapwa, askari akakata zisizomhusu, na akiongeza neno lake mwenyewe kadi iliharibiwa. Mtu aliyefungwa ulimi hivyo, ambaye mshahara wake mwanzoni mwa vita ulikuwa shilingi moja kwa siku, aliponunua ua la hariri hakusema uwongo. Alisema lile aliloruhusiwa: kwamba yu hai, na anakumbuka.

Lawama yangu ni kwa mkusanyaji. Aghalabu hupanga kadi kwa beji na kwa maua, huzitia katika fremu, na upande wa nyuma, penye maneno machache ya penseli, huelekea ukutani. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hariri huharibika upesi, kadi nyingi zilipelekwa ndani ya bahasha pamoja na barua, wala hazina anwani wala muhuri wa posta. Anayeitenga kadi na barua yake humnyamazisha shahidi. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kadi hizi zilikuwa na kitu ndani. Wapenda uzuri ndio waliokitupa.

Mwenye kuuliza hupata mengi. Ikiwa bendera ya Marekani imo kati ya bendera za washirika, yaelekea kadi ilitengenezwa baada ya Aprili 1917, nchi hiyo ilipoingia vitani. Husemwa pia kwamba zote zilitariziwa kwa mkono na wanawake majumbani mwao. Lakini wachunguzi waliolinganisha mishono wameona katika nyingi dalili za mashine. Hadithi tamu isipopimwa hukaa mahali pa historia.

Tena, jalada lililojaa lina pengo lake. Vita hivyo hivyo vilifika Afrika Mashariki. Wapagazi wa Carrier Corps walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Hao hawakutuachia hariri. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kumbukumbu inayokusanywa humshuhudia aliyeweza kununua na kuandika. Asiyeweza hutafutwa kwingine, na kumtafuta ni wajibu.

Basi, msomaji, ukikuta sandukuni kitambaa cha zamani za vita, kisifu ikiwa chastahili sifa. Kisha kigeuze, usome. Na kabla hujakihamisha, andika kilikuwa cha nani, na kilikuwa pamoja na nini.