"Laudate Deum" mbele ya maji ya mto wetu

Wosia wa Kitume "Laudate Deum" ulitolewa na Papa Fransisko tarehe 4 Oktoba 2023, siku kuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Ni kitabu kidogo, chenye sura 6 na namba 73, na padri anaweza kukimaliza jioni moja. Pengine ndiyo sababu wengi wetu tulikiweka upesi pembeni. Papa aliyekiandika alifariki tarehe 21 Aprili 2025, lakini mabishano aliyoyagusa hayakufa pamoja naye. Tunayasikia kati ya waseminari, katika mikutano ya wakatekista, sokoni na kando ya mto. Kwa hiyo tumeona vema kukisoma tena hapa Kisangani, na kusema bila woga yaliyo mazuri ndani yake na yanayopunguka kwetu.

Maneno yake kwa ufupi ni haya. Miaka 8 baada ya "Laudato si'", Papa anaona kwamba dunia haikufanya ya kutosha. Joto linazidi kwa sababu watu wanachoma makaa ya mawe, petroli na gazi. Anawajibu wanaokana jambo hilo, hata walio ndani ya Eklezya. Analaumu imani ya kwamba mashine na fedha zitaponya kila kitu, anapima mikutano ya mataifa, na mwishoni anatukumbusha sababu zitokazo katika Maandiko Matakatifu.

Sifa yake ya kwanza ni haki. Kati yetu wako wanaosema: "Hiyo ni mambo ya Wazungu. Wao walijitajirisha kwa moshi, na sasa wanatukataza kukata miti." Basi wasome namba 9. Pale Papa anawakemea wanaotupa lawama juu ya maskini kwa kuwa wana watoto wengi, na anasema wazi kwamba sehemu ya Afrika katika kosa hili ni ndogo sana. Katika namba 3 anashika maneno ya maaskofu wa Afrika wenyewe, walioona hapa dhambi iliyojengwa ndani ya mipango ya dunia. Anayekataa wosia huu kama jambo la kigeni hakufika ukurasa wa pili.

Sifa ya pili ni kwamba haogopi maswali. Watu husema kwamba tangu zamani kulikuwa na nyakati za joto na za baridi. Papa anakubali, ila anaonyesha kwamba geuzo la sasa linakimbia: lililochukua karne nyingi linatokea katika maisha ya kizazi kimoja.

Hapa kwetu swali hilo lina sura nyingine. Maji ya mto Kongo yalipopanda mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, wazee walisema: "Hata mwaka 1961 mto ulijaa." Wamesema kweli. Kule Kinshasa kipimo kilifika metro 6,26 mwaka 1961, na metro 6,20 Januari 2024. Mafuriko mapya hayakupita ya zamani. Tusifiche hesabu hii, kwa maana mwalimu anayeficha nusu ya kweli hupoteza yote. Mafuriko moja si ushuhuda wa kutosha, wala kwa upande huu wala kwa upande ule. Lakini wataalamu wanajua kwamba kila digri moja ya joto inaipa hewa nguvu ya kubeba mvuke zaidi, karibu 7 kwa 100. Ikiwa mwaka wa mvua kubwa unarudi, unakuta ghala ya maji imekuwa kubwa. Tena mwaka 1961 miji yetu ilikuwa midogo. Leo tumejenga mahali mto unapolala ukijaa. Katika mafuriko yale ya 2023 na 2024, Serikali ilihesabu watu karibu 300 waliokufa katika Kongo nzima, na nyumba zaidi ya 43.000 zilizobomoka.

Sasa tuseme yanayopunguka.

La kwanza: Papa alitoa sura nzima kwa mkutano mmoja, ule wa Dubai, wa tarehe 30 Novemba mpaka 13 Desemba 2023. Mkutano ulipita, na sura imezeeka. Hatukatai kwamba pale mataifa yaliandika kwa mara ya kwanza juu ya kuachana na petroli na ndugu zake, na kwamba mfuko wa kusaidia nchi zilizopata hasara uliwekwa tayari kufanya kazi. Lakini majuma yale yale mto wetu ulikuwa ukipanda, na katekista wa Lubunga akifungua kitabu hiki anapata kidogo sana juu ya kujitayarisha.

La pili: wosia unasema sana na wenye nguvu wa mbali. Je, kwetu hakuna wenye nguvu? Mwaka 2021, kule Glasgow, Kongo iliahidiwa dolari milioni 500 kwa kulinda msitu. Nchi yetu ikajiita nchi ya kuponya dunia. Julai 2022 ikauzisha kwa mnada sehemu 27 za petroli, nyingine ndani ya mabwawa yenye udongo mweusi unaotunza kaboni ya maelfu ya miaka. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Mwaka 2025 zikatangazwa sehemu 52. Mkristu anayo haki ya kuuliza: neno letu ni lipi?

Tusiishie kwa wakubwa. Mama anayeuza makala Mangobo si adui. Anatafuta chakula cha watoto. Lakini sisi mapadri, tunapochoma matofali ya kanisa, kuni zinatoka wapi, na nani anapanda miti mingine?

Basi, mambo matatu. Kwanza, mimbarini tusiseme kwamba mafuriko ni azabu ya Mungu juu ya watu wa ng'ambo, wala tusiache yasemwe kuwa ni uchawi. Hapo mjane mzee anaweza kupoteza maisha yake. Pili, waseminari wajifunze kupima. Yangambi, chini ya mto, watu walipima mvua tangu siku za INEAC, iliyoanzishwa 1933, na tangu 2020 mnara wa metro 55 unapima pumzi ya msitu. Katekista naye anaweza kusimamisha mti wenye alama kando ya maji na kuandika kila juma. Tatu, kila parokia ya ukingoni ijue mbele ya mvua: mahali pa juu ni wapi, mitumbwi ni ya nani, wagonjwa watabebwa na nani, maji safi yatatoka wapi ili kolera isifuate.

Yozefu hakueleza ndoto ya Farao tu. Alimwambia pia ajenge ghala, na miaka ya shibe ilikuwa haijapita. Papa Fransisko ameeleza ndoto, na ameieleza vema. Ghala ni kazi yetu, nasi hatujaianza.