Kicheko na Deni

Wapenzi wa mchezo wa kuchekesha hawagombani kwa muda mrefu juu ya sehemu iliyo mbaya tu. Sehemu mbaya husemwa siku mbili, ikasahauliwa. Lakini wagombanapo mwaka baada ya mwaka juu ya sehemu moja, yafaa mhakiki ategee sikio, maana huenda wameligusa jambo ambalo wao wenyewe hawajalipatia jina. Makala haya yanahusu ugomvi wa namna hiyo.

Mchezo wenyewe ni The Office wa Marekani, uliotokana na mchezo wa Kiingereza wa jina hilo hilo uliotungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant. Ule wa Marekani ulionyeshwa na NBC tangu mwaka 2005 hata 2013, ukatimiza sehemu 201. Mahali pake ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi katika mji wa Scranton, Pennsylvania, na mhusika wake mkuu ni meneja wa tawi hilo, Michael Scott, aliyeigizwa na Steve Carell. Michael si mwovu. Ni mtu mwenye kiu ya kupendwa, na kiu hiyo humfanya aseme kabla ya kufikiri. Umeigizwa kana kwamba wapiga picha wanafuata maisha halisi ya ofisi, wala hautiwi sauti za watu wanaocheka. Mtazamaji haambiwi wapi acheke. Jambo hilo tulikumbuke, maana tutalirudia.

Tarehe 3 Desemba 2009 ilitolewa sehemu iitwayo "Scott's Tots", iliyoandikwa na Gene Stupnitsky na Lee Eisenberg, na kuongozwa na B. J. Novak. Kisa chake ni hiki. Miaka kumi nyuma Michael aliwaahidi watoto wa darasa la tatu kwamba wakimaliza shule ya sekondari atawalipia karo ya chuo kikuu. Alitumaini kuwa atatajirika, lakini utajiri haukuja. Sasa watoto wamekuwa vijana, wanakaribia kumaliza, na wamemwalika shuleni wamshukuru. Wanamwimbia na kumchezea. Kisha yeye asimama mbele yao na kuungama kwamba hana fedha, na badala ya karo anampa kila mmoja betri ya kompyuta mpakato.

Tangu hapo watazamaji wamegawanyika. Wako wasemao kwamba sehemu hii haitazamiki. Wanaporudia mchezo wote tangu mwanzo, hii huiruka. Wako wengine wasemao kwamba hapa ndipo waandishi walipothubutu kuliko popote. Wa kwanza wana hoja nzito, wala haifai kuwaambia kwamba ni watu wa moyo mwepesi. Katika kitabu chake juu ya ushairi, Aristotle alieleza kwamba kitu cha kuchekesha ni kasoro au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Kwa kipimo hicho, kijana aliyenyang'anywa chuo kikuu amepata madhara, na mwenye kucheka amechekea jeraha. Wahenga wetu nao walilijua jambo hili waliposema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Upande wa pili hujibu kwamba hatuwacheki vijana hata kidogo, twamcheka Michael. Jibu hili lina ukweli. Vijana wamechorwa kwa heshima: wana adabu, wana bidii, na shukrani yao ni ya kweli. Ubaya wote ni wa yule mgeni ajipinda-pindaye mbele yao akitafuta maneno. Zaidi ya hayo, Michael hakutoka katika tabia yake. Mtu ambaye katika sehemu nyingi hutoa ahadi ndogo ili apigiwe makofi, hatuwezi kushangaa tukisikia kwamba siku moja alitoa kubwa. Tofauti ni kwamba ahadi ndogo husameheka kabla ya sehemu kwisha, na hii ilikaa miaka kumi ikizaa matumaini.

Mwaka mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu sehemu hii katika masomo ya tamthilia. Walicheka wakati wa wimbo, wakacheka zaidi zilipotolewa betri. Kijana mmoja hakucheka. Tulipoanza mjadala aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, wale walikuwa wameshajaza fomu za chuo?" Darasa likanyamaza. Baadaye alinieleza kwamba katika sherehe ya shule yake mgeni rasmi alisimama, akatangaza mbele ya wazazi kwamba atamsomesha yule atakayeongoza mtihani. Watu walipiga vigelegele. Kijana huyu aliongoza, na mgeni rasmi hakuonekana tena. Alikaa nyumbani mwaka mzima mpaka wajomba zake walipochanga.

Swali lake lilinifundisha kuitazama sehemu upya. Ahadi ni deni, twasema, lakini deni hili lina sura ya peke yake: mdai hakukopesha kitu, ila alitoa miaka yake. Basi niliirudia nikitafuta waandishi wamewafanyia nini wadai. Naona kwamba kasoro iko hapo, wala haiko katika ule uchungu unaolalamikiwa. Baada ya maungamo mchezo unawaacha vijana na kumfuata mdaiwa. Ni kweli kwamba mmoja wao anamfuata nje, na Michael anamwahidi msaada wa fedha za vitabu. Hapo waandishi wamefanya kazi ya mabingwa, kwa kuwa mtu aliyetoka kuaibishwa na ahadi moja anajiponya kwa kutoa nyingine. Lakini njiani kurudi, Erin, karani wa mapokezi, anamfariji kwa habari kwamba asilimia 90 ya vijana wale wanaelekea kumaliza shule, kuliko wenzao shuleni humo. Michael anapata nafuu, na pamoja naye mtazamaji.

Mtu aweza kusema kwamba faraja hiyo ni ya Erin, msichana mwepesi wa kuamini, wala si hukumu ya waandishi. Nakubali kwa sehemu. Walakini hakuna sauti nyingine iliyowekwa kuijibu. Bidii ya vijana inaandikwa katika hesabu ya Michael kana kwamba ndiye aliyeilipia. Laiti waandishi wangeturudisha darasani kwa kitambo kidogo, tuzione nyuso baada ya mgeni kuondoka, sehemu hii ingekuwa kamili.

Kisa cha pili, cha Jim na zawadi yake ya mfanyakazi bora wa mwezi inayoharibiwa na hila za Dwight, wengi wamekilaumu kuwa hakihusiani. Mimi naona kinahusiana vya kutosha: huko nako zawadi iliyotangazwa kwa nia njema inageuka aibu. Ila ni chepesi mno kusimama kando ya kile cha kwanza.

Sasa turudi kwenye kicheko kisichotiwa. Katika michezo yenye kicheko cha kutiwa, mtazamaji hucheka pamoja na umati, na lawama hugawanyika. Hapa kila mtu hucheka peke yake, na kicheko chake ni chake. Ndiyo maana ugomvi hauishi. Wenye kuisifu sehemu hii husema habari za sanaa, na wenye kuikimbia husema habari za uchungu, kumbe wote wanaulizana walikaa upande gani wa darasa lile. Kwa hukumu yangu ni sehemu bora yenye mwisho uliolegea. Na wale wairukao nisingewaita watazamaji wabaya. Yule mwanafunzi wangu aliitazama mpaka mwisho bila kucheka, na katika darasa lile hakuna aliyeielewa kumshinda.