Kidani na Nyumba: Suala la Urithi katika Utendi wa Mwana Kupona

Wahakiki wa Utendi wa Mwana Kupona wana kambi mbili. Wapo wanaouona kuwa mwongozo wa wajibu wa mke, kama walivyouona Werner na Hichens katika toleo lao la 1934. Na wapo, akiwemo Ann Biersteker (1991), waliotutaka tuusome upya kwa kuzingatia kejeli na uwezo wa mama anayesema. Kambi zote mbili zinabishana juu ya mume. Mwanafunzi mmoja wa uzamili alituuliza swali jingine semina, nasi hatukuwa na jibu la haraka: nyumba anayoagizwa binti aiweke nadhifu, ni ya nani?

Tuanze na wasia wenyewe. Mwana Kupona alitunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi Uswahilini, wasia wa mali hauvuki theluthi, wala haumfai mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Fungu la binti limekwisha kukadiriwa: nusu ya lile la nduguye wa kiume. Mama anayetaka kumwachia bintiye ziada baada ya kufa amebakiwa na maneno. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, nasaha zinaitwa hirizi, kifungo, na kidani cha lulu na marijani. Hili si pambo la lugha tu, kwani vito ni mali aliyoweza kuimiliki mwanamke peke yake. Tena kidani na kifungo vinarudi baadaye, safari hii vikiwa vitu hasa, pale binti anapoagizwa asivivue shingoni. Msomaji wa haraka huona mke anayejipamba kwa ajili ya mume. Sisi tunaona pia mke anayeambiwa asiachane na mali yake.

Na nyumba? Mama huitaja kuwa ya binti, ingawa kimilikishi pekee si hati. Lakini katika miji ya mawe ya Lamu na Pate ilikuwa desturi ya waungwana kumpa binti nyumba, au ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, anapoolewa. Mume ndiye aliyehamia. Hiba iliyokabidhiwa mzazi angali hai haiingii katika mafungu ya mirathi. Hatudai kwamba Mwana Hashima alipewa nyumba. Tunadai kwamba hadhira ya kwanza iliweza kumwazia mke mtiifu aliye mwenye nyumba, na utiifu wake una uzito tofauti na ule wa asiye na pa kwenda. (Mjakazi aliyefagia nyumba hizo hakuwa na fungu wala kidani, huyo anastahili makala yake.)

Tofauti hiyo imepotea. Utendi ungali ukinukuliwa kuwausia mabinti, nyumba ikiwa imeachwa nje ya nasaha. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, ilirekebishwa 1990 ili Waislamu wafuate mirathi yao, na kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 kimeiachia Mahakama ya Kadhi nafasi hiyo. Fungu la binti, basi, lipo kisheria. Mara nyingi linamponyoka sebuleni: anaona haya kuwadai kaka zake, na akidai huambiwa kuwa mwanamke wa heshima hagombanii kuta. Mwana Kupona hutajwa kuwa shahidi wa heshima hiyo. Katika utendi wake hatujaona ubeti unaomwambia binti awaachie nduguze mali yake.