Utani wa Jadi na Ushindani wa Nyimbo: Uhakiki wa Usemi wa Mashabiki katika Upare

Wataalamu wengi wa Kiswahili, watajapo usemi wa wapenzi wa mpira, huutaja kwa haraka na kwa haya, kama mtu apitaye mbele ya kilabu cha pombe akiogopa kuonekana. Huutia katika fungu la lugha ya mitaani, wakaonyesha maneno mawili matatu ya kigeni yaliyopotoka matamshi, kisha wakarejea kwenye tenzi zao. Hukumu hiyo haikutokana na kusikiliza. Mtu aketiye katika stendi ya Same, mahali wapitapo abiria wa Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam, siku chache kabla ya Simba na Yanga kukutana, husikia majibizano yenye zamu, yenye mpango, na yenye mipaka ya lipi lisemwe na lipi lisisemwe. Na akiketi hapo hapo siku nyingine, watu wale wale wakibishana juu ya waimbaji, husikia jambo la namna nyingine kabisa. Kwa nini watu wamoja, kwa lugha moja, washindane kwa adabu katika jambo hili na kwa matusi katika jambo lile?

Kwanza yapasa kukumbuka kwamba ushabiki wa Same si mapenzi ya mtu kwa kwao. Kutoka Same hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 400, na timu za karibu zipo au zilikuwapo: Polisi Tanzania ilicheza ligi kuu ikiwa na maskani yake Moshi mpaka iliposhuka daraja mwaka 2023, na Coastal Union ya Tanga ilipata kuwa bingwa wa nchi mwaka 1988. Walakini Mpare wa Mbaga au Gonja akiulizwa yeye ni wa wapi katika mpira, hataji Moshi wala Tanga. Hutaja mmoja wa watoto wawili wa Kariakoo: Yanga iliyozaliwa mwaka 1935, au Simba iliyofuata mwaka 1936 na kuitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Chama hiki mtu hurithi kwa baba au kwa mjomba, mara nyingine humfuata rafiki wa shule, na akishaingia hatoki. Si jambo geni katika nchi hii. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, ikipita Same, ngoma za beni zilikuwa zimekwisha kuanza kugawa watu wa pwani katika mafungu yenye kushindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975 alionyesha jinsi Marini na Arinoti zilivyoenea mbali sana na kwao. Aliyejiunga na Arinoti bara hakuwa na haja ya kuwa ameiona bahari.

Neno lishikalo shina la jambo hili ni neno la kale. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na waandishi wa magazeti walitumiapo hudhani wametumia pambo tu. Pambo hilo lina uzito. R. E. Moreau, ambaye alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani katika milima ya Usambara (na huenda masikio yaliyozoea kutenga sauti ya ndege mmoja na mwingine yalimfaa), aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941. Mwaka mmoja kabla yake A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameeleza kwamba huu ni uhusiano ambao mtu huruhusiwa, na pengine hulazimika, kumfanyia mwenziwe mzaha, naye mwenziwe hulazimika kutochukizwa. Mpare hahitaji kusomewa maelezo hayo. Ana utani wake na Mchaga, amekulia ndani yake, na anajua kwamba utani una mambo mawili yasiyoachana: kila upande una haki ya kujibu, na dhihaka humpata mtu kwa kuwa ni wa kabila fulani wala si kwa kuwa ni yeye. Mtani akikucheka hakucheki wewe.

Sheria hizo mbili zinaonekana wazi katika msamiati. Timu ikifungwa mabao matano husemwa imepigwa mkono, kwa hesabu ya vidole, na ushabiki wa Same ni elimu ya mikono hiyo. Kijana ambaye baba yake hakuwa amezaliwa mwaka 1968 ataitaja Yanga iliyoifunga Sunderland 5–0 mwaka huo. Atajibiwa na mabao 6 ya Simba ya mwaka 1977, na mkono wa tarehe 6 Mei 2012. Naye atarudi na 5–1 ya tarehe 5 Novemba 2023. Hii ni nasaba hasa, inayosomwa kama koo zisomavyo mababu, na kosa la tarehe ni aibu kubwa kuliko kufungwa. Majina ya dhihaka nayo hayakuokotwa hivi hivi. Mashabiki wa Simba huwaita wenzao Utopolo, neno la ngeli ya u- ambalo huwayeyusha watu wakawa hali tu, kama uozo au upuuzi. Nao hujibiwa kwa Makolo, ambamo ile ma- huwatoa watu katika ngeli ya wa- na kuwafanya vitu vingi visivyo na umbo. Kila upande umemnyima mwenziwe utu kwa kiambishi, na kila upande umechagua kiambishi chake. Mtu asemaye kwamba wasemaji hawa wameharibu sarufi hajaona jinsi wanavyoitumia.

Liko pia neno mnazi, yaani shabiki asiyesikia la mtu. Wengine wamependa kulieleza kwa mti. Lakini wingi wake ni wanazi wala si minazi, na huo ni ushahidi wa kutosha kwamba neno lilikuja na habari za vita vya Ulaya, likapoteza sumu yake njiani.

Kwa mwenye kutaka mfano mmoja wa kupima usemi huu, mfano bora ni ule wa miezi ya Machi hadi Juni 2025. Simba na Yanga zilikuwa zikutane Jumamosi tarehe 8 Machi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilizuiwa kufanya mazoezi katika uwanja wa Benjamin Mkapa, ikatangaza kwamba haichezi, mchezo ukaahirishwa, Yanga ikadai haki yake na kufikisha shauri lake mpaka mahakama ya kimataifa ya michezo, hatimaye mpira ulichezwa tarehe 25 Juni, na Yanga ikashinda 2–0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo. Kwa zaidi ya miezi mitatu hapakuwa na bao la kubishania. Palikuwa na kanuni. Wanajulikana Wapare katika utani wa nchi nzima kuwa ni watu wa kuuza ng'ombe ili kushinda kesi ya kuku, na wenyewe huisimulia dhihaka hiyo kwa fahari. Basi hapa kesi ya kuku ilikuwa imeletwa mlangoni. Watu wasiopata kusoma kanuni za ligi walianza kuuliza maana ya maneno: timu mgeni ina haki ya kufanya mazoezi, sawa, lakini haki hiyo ni ya lazima au ni ya hiari? Kuahirisha ni sawa na kufuta? Asiyefika uwanjani na aliyezuiwa kuingia uwanjani, je, wote wawili hawakufika? Maswali haya ni ya semantiki. Yaliulizwa kwa Kiswahili chepesi, kikavu, kisicho na neno la kigeni ila penye ulazima, na yalikuwa safi kuliko hati nyingi za maofisini.

Tarehe ile ya kwanza ilikuwa na shida nyingine katika Upare peke yake. Wasabato waliingia Upare ya kusini mwaka 1903, kituo chao cha kwanza kikiwa Mamba Giti, na mpaka sasa kuna vijiji, Suji na Mamba vikiwamo, ambamo Jumamosi si siku ya mpira. Mchezo wa Jumamosi humwacha shabiki Msabato akingoja jua litue ndipo aulize matokeo. Kwa hiyo katika vijiji hivyo majibizano huanza usiku, wakati upande mmoja umekwisha kujiandaa na upande mwingine ndio kwanza unaambiwa, na utani huruhusu faida hiyo itumiwe bila huruma.

Matumaini nayo yana namna yake ya kusemwa. Simba ilifika fainali ya kombe la CAF mwaka 1993 ikafungwa na Stella ya Abidjan. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 ikalikosa mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini. Simba tena ikalikosa mwaka 2025 mbele ya RS Berkane. Fainali tatu, kombe hakuna. Watu wa serikali na wa redio husema kila mara kwamba timu ikicheza nje ni timu ya taifa zima. Mashabiki hawakubali, na wana haki. Mtani hawezi kumtakia mtani wake kombe na akabaki mtani. Afanyalo ni kumpokea mgeni aliyemfunga kama shemeji. Jibu zuri la mwenye kufungwa halikanushi kitu. Hukubali kwamba amelala njaa, kisha humwuliza mwenziwe kama yeye alialikwa kwenye karamu.

Tukitoka hapo tukaingia katika nyimbo, mambo hubadilika. Zamani hayakubadilika. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake waliondoka wakaanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde. Tangu hapo mpenzi wa dansi alikuwa wa Msondo au wa Sikinde kama alivyokuwa wa Simba au wa Yanga. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba upande wa kwanza, akahamia wa pili, na baadaye akarudi kule kule alikotoka, na ushindani haukufa kwa kuhama kwake, kwa sababu ulikuwa wa bendi mbili, na bendi ni kama ukoo: watu huingia na kutoka, jina hubaki.

Bongo Fleva, iliyopata jina lake katika miaka ya 1990, haikuwa na koo. Ilikuwa na watu. Diamond Platnumz wa Tandale na Alikiba wa Kariakoo walipopata kuwa wakubwa, wapenzi wao walijiita Timu Diamond na Timu Kiba, na neno timu lenyewe laonyesha walichotamani: walitaka kupata katika muziki kile walichokuwa nacho katika mpira. Mwaka 2018 Alikiba alijiunga na Coastal Union kama mchezaji, ikawa kana kwamba mfano umegeuka kuwa kweli. Lakini timu ya mtu mmoja si timu. Ukimdhihaki shabiki kwa ajili ya mwimbaji wake, huna bendera ya kupiga. Unapiga sura ya mtu, mama yake, ndoa yake na watoto wake. Sheria ya pili ya utani imevunjika, na ikivunjika hiyo ya kwanza haifai kitu, maana haki ya kujibu huwa haki ya kutukana. Wako wanaosema kwamba matusi haya yameletwa na simu. Simu imeyasafirisha tu. Mashabiki wa mpira wana simu zile zile.

Hata hivyo mhakiki asifunge hesabu mapema, kwa sababu katika mabishano ya nyimbo kuna kitu ambacho mpira hauna. Mpira una matokeo, na matokeo hunyamazisha. Nyimbo hazina refa, kwa hiyo mtetezi hulazimika kueleza uzuri. Mpenzi wa dansi husema kwamba wimbo wa zamani ulisimulia kisa, ulificha fumbo, na ulimwachia mpiga gitaa nafasi ya kusema sehemu yake. Mpenzi wa Bongo Fleva husema kwamba wimbo wa leo hausubiri, na kwamba neno la wazi si neno dhaifu. Yuko na wa tatu, aliyelelewa katika kwaya za Walutheri na Wasabato, ambaye huwapima wote wawili kwa jambo moja tu, kama maneno yanasikika. Naye akipigiwa singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hana la kusema isipokuwa kutikisa kichwa. Katika watatu hawa wa kwaya ndiye mwenye kipimo kigumu zaidi, lakini ni kipimo cha matamshi, si cha ushairi. Mpenzi wa dansi amekosea anaposema fumbo limekufa: “Mwana” wa Alikiba, wa mwaka 2014, ni wimbo wa kuonya uliosukwa kwa namna ambayo mzee yeyote wa Msondo angeitambua. Amepata anaposema habari ya kisa. Visa vimepungua kweli, na badala yake pamekuja sifa za msemaji mwenyewe.

Jambo la kuhofia liko upande wa mpira. Siku hizi klabu zina wasemaji wa kulipwa, na Haji Manara, aliyekuwa sauti ya Simba, alihamia Yanga mwaka 2021 na ufundi wake wote. Msemaji wa namna hii ni kama malenga wa kukodiwa. Hupewa jina, na jina lake hutukuzwa au hutukanwa mbali na klabu; na kadiri mashabiki wa Same wanavyorudia maneno yake badala ya kutunga yao, ndivyo majibizano yanavyokaribia hali ya nyimbo, yaani vita vya watu badala ya utani wa koo. Atakayekuja kuyakusanya miaka ishirini ijayo atakuta redio nyingi na stendi chache.

Tena akusanye kwa masikio mawili. Majibizano ya Upare huendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa timu zenyewe ni za Kiswahili na wasikilizaji wa stendi si Wapare wote. Chasu, lugha iliyoipa wilaya maneno kama msaragambo na ndiva, huingia mwishoni tu, kwa sauti ya chini, mtani anapotaka kusema lile ambalo dereva wa basi la Arusha asilielewe. Wanacheka wawili watatu, na wengine huuliza amesemaje. Hawaambiwi.